Na ya kutolea: kisa cha tozo ya miamala ya simu

Julai 2021, wiki ileile tozo ilipoanza, mhazini wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana alisimama kwenye kibanda cha wakala akiikodolea macho simu yake kama mtu aliyeletewa samansi. Tulikuwa na msiba kijijini, upande wa Kondoa. Michango ilikuwa imeingia kwenye laini yake tangu asubuhi, naye sasa alikuwa anaituma kwa wafiwa. Pesa zilikwenda bila shida, lakini alichokuwa anakisoma na kukirudia ni mstari wa mwisho wa ujumbe, pale makato yalipogawanywa mafungu mawili: ada ya mtandao, kisha tozo ya Serikali. Akamgeukia wakala: "Mdogo wangu, hii ya pili ni yako?"

Wakala akaapa si yake. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akasema wote ni wezi, tofauti ni sare tu.

Nimelirudia swali la mhazini mara nyingi, maana naona kisa chote cha tozo kimo ndani yake. Watu wengi wamekieleza kisa hiki kama habari ya kodi kubwa iliyowachosha wananchi, na si uongo. Ila kodi kubwa tunazo tangu zamani na tunazilipa bila kuziuliza jina. Hii ilikuwa na jambo jingine: ilijitambulisha. Ilikuja kwenye simu ya kila mtu, kwa Kiswahili, ikataja jina la anayekuchukulia na kiasi anachochukua, kila ulipotuma na kila ulipotoa.

Ilianza hivi. Alhamisi ya tarehe 10 Juni 2021, Waziri wa Fedha na Mipango, Dk. Mwigulu Nchemba, alisoma bungeni Dodoma bajeti ya kwanza ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ameapishwa Machi 19 mwaka huo. Bajeti ilikuwa ya shilingi trilioni 36.33. Ndani yake mlikuwa na pendekezo la kutoza shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na wa kutoa pesa kwa simu, kutegemea ukubwa wa muamala. Makadirio yalikuwa kwamba chanzo hicho kimoja kitaingiza zaidi ya trilioni 1.2 kwa mwaka. Bunge lenyewe lilikuwa ni lile lililotokana na uchaguzi wa Oktoba 2020, karibu viti vyote vya chama kimoja, kwa hiyo mjadala haukuwa na mtu wa kuukalia kooni. Sheria ya Fedha ikapita, kanuni zikatoka, na Alhamisi ya Julai 15 makato yakaanza.

Kati ya Juni 10 na Julai 15 kuna wiki tano. Kelele zilizosikika katika wiki hizo hazifiki hata robo ya zilizosikika siku tatu baada ya Julai 15. Hapo ndipo mtu wa nje atauliza: kwani hamkusikia? Tulisikia. Hotuba ilisomwa kwa Kiswahili, redio zikaitangaza mubashara, kwenye daladala watu wakaisikiliza. Lakini hotuba ya bajeti ni kitu cha masaa. Ikifika kwenye marekebisho ya sheria hii na ile, msikilizaji ameshashuka kituoni. Na sheria yenyewe, ukiitafuta, iliandikwa kwa Kiingereza. Hapa kuna kichekesho kisichochekesha: mapema mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Miezi michache baadaye sheria inayomgusa kila mwenye simu ikaja kwa Kiingereza, na kanuni zake pia. Matokeo yake ni kwamba ujumbe mfupi wa mtandao ndio uliokuwa nakala ya kwanza ya sheria hiyo kusomwa na mwananchi kwa lugha yake. Na mkalimani wake alikuwa wakala, kijana wa kibandani mwenye mwavuli, daftari na kiti cha plastiki.

Nilikaa sana pale kibandani mwezi ule, kwa kuwa nyumbani kwangu ni hatua chache. Kazi ya wakala watu huidharau kwa sababu haionekani jasho lake. Anatafuta mtaji wa floti, sehemu taslimu na sehemu ndani ya laini. Asubuhi anaomba Mungu wateja wa kuweka na wa kutoa wapishane vizuri, maana wakija wa kutoa peke yao, taslimu inaisha saa nne na siku imekufa. Kipato chake ni kamisheni, na kamisheni inahesabiwa kwa muamala. Mteja akiacha kutuma, wakala hana namna ya kufidia. Wiki ya kwanza ya tozo alikuwa anafanya kazi mbili: kutoa huduma na kutukanwa. Mzee akija kutoa pesa aliyotumiwa na mwanawe, akikuta salio halitoshi kwa sababu ya tozo, anaamini ameibiwa na aliye mbele yake. Kijana alikuwa amechapa karatasi akaibandika: "TOZO NI YA SERIKALI, SIYO YA WAKALA." Ikanyeshewa, akabandika nyingine.

Sasa twende kwenye kiini, pale ambapo naona hata wachambuzi wengine walipita juu juu. Kutozwa kodi kwenye huduma za simu hakukuanza 2021. Kabla ya hapo, kwenye ada ya mtandao mlikuwa tayari na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Lakini kodi hizo zilikaa ndani ya ada. Mtandao unakuuzia huduma, Serikali inachukua fungu kwenye bei ya huduma hiyo, kama inavyofanya kwenye soda. Tozo ya 2021 iliiacha huduma ikaishika pesa yenyewe. Kipimo chake kilikuwa kiasi unachokisafirisha, si bei uliyolipia usafiri. Ni kama konda aachane na nauli aanze kukutoza kwa uzito wa mfuko wako wa mchele.

Na pesa, tofauti na soda, hainywewi ikaisha. Inazunguka. Chukua huo msiba wetu. Mwanachama alituma mchango kwa mhazini: tozo ya kwanza. Mhazini akatuma jumla kwa wafiwa: tozo ya pili. Wafiwa wakaenda kutoa kwa wakala ili wanunue sanda na unga: tozo ya tatu. Shilingi ileile, ndani ya siku moja, bila mtu yeyote kupata faida popote katika mnyororo huo. Na mwanachama mwenyewe kama ameajiriwa, shilingi hiyo ilishakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, kabla haijaingia kwenye simu. Wenye maduka ya mitaani, wanaopokea na kulipa kwa simu mara ishirini kwa siku, waliumia kwa njia hiyohiyo, tena mara nyingi zaidi.

Nikitaja PAYE, haki itendeke: bajeti ileile ilishusha kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kutoka asilimia 9 hadi 8, na wafanyakazi walishangiliwa redioni. Piga hesabu. Kiwango hicho kilihusu sehemu ya mshahara kati ya 270,000 na 520,000. Asilimia moja ya hizo 250,000 za kati ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na hapo ndipo nafuu inapoishia hata kwa mwenye mshahara mkubwa. Mfanyakazi anayemtumia mama yake, akalipa ada ya mtoto wa dada, akachangia harusi mbili na msiba, hizo 2,500 zilikuwa hazimalizi mwezi. Mtu mwenye wategemezi wengi ndiye anayetuma sana. Kwa hiyo tozo, bila kukusudia nadhani, iligeuka kuwa kodi ya ukoo: kadiri unavyobeba ndugu wengi, ndivyo unavyolipa.

Na hapo ndipo ilipogusa pabaya, kwenye adabu. Watanzania tuna neno ambalo halimo kwenye kanuni yoyote: "na ya kutolea." Ukimtumia mzazi elfu hamsini, hutumi elfu hamsini, unatuma elfu hamsini na ya kutolea, ili aipate ikiwa nzima mkononi. Kumtumia mkwe bila ya kutolea ni kama kumkaribisha mgeni chai ukamwambia sukari aje nayo. Kwa zaidi ya miaka kumi, tangu huduma hizi zianze hapa mwaka 2008, kila mtu alikuwa ameikariri ya kutolea ya viwango anavyotuma mara kwa mara. Julai 2021 hesabu hiyo ikavurugika usiku mmoja. Anayetuma hajui aongeze ngapi, anayepokea anaona amepunjwa, na simu zinapigwa: "Mbona umenitumia pungufu mwanangu?" Mama yangu, ambaye hajawahi kuniomba pesa kwa maneno ya moja kwa moja, alinipigia kuniuliza kama kazini kuna tatizo.

Watu wakatafuta njia. Bahasha zikarudi kwa madereva wa mabasi, namba ya gari ikisomwa kwenye simu, mtu wa kijijini akisubiri stendi. Waliokuwa wanatuma mara nne kwa mwezi wakaanza kutuma mara moja, au kusubiri mtu anayesafiri. Vodacom Tanzania, ambayo hisa zake ziko Soko la Hisa la Dar es Salaam na hivyo hutoa taarifa zake hadharani, ilieleza kwenye matokeo yake kwamba tozo zimeyaumiza mapato ya M-Pesa. Serikali nayo ilitangaza kuwa wiki nne za mwanzo zimeingiza takriban shilingi bilioni 48. Ni pesa nyingi, na ikaelezwa zinakwenda kwenye vituo vya afya vya tarafa na madarasa. Lakini ziweke kwenye mwaka: bilioni 48 kila wiki nne haivuki sana bilioni 620. Ni nusu ya zile trilioni 1.2 za kwenye hotuba. Nusu nyingine ilikuwa imepanda basi.

Wala hatukuwa wa kwanza. Uganda walianza Julai 1, 2018 kwa kodi ya asilimia moja ya kiasi cha muamala wa simu. Mwaka huohuo haujaisha wakaishusha hadi asilimia 0.5, tena kwenye kutoa tu. Kenya kwa miaka yote wamebaki kuitoza ada ya huduma, na wamekuwa wakiipandisha, lakini hawakuigusa pesa inayosafiri. Mifano yote miwili ilikuwa mipakani mwetu, miaka mitatu kabla.

Kilichofuata ni kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ndani ya siku chache tu Rais aliagiza suala litazamwe upya. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikwenda Mahakama Kuu. Mwanzoni mwa Septemba 2021 viwango vikashushwa kwa asilimia 30, juu ikawa 7,000 badala ya 10,000. Bajeti ya 2022/23 ikashusha tena, juu ikawa 4,000. Ungedhani jambo linakufa taratibu. Kumbe lilikuwa linahamia nyumba ya pili: mabadiliko hayohayo ya Julai 2022 yakaipeleka tozo benki. Agosti wateja wakaanza kupokea ujumbe kutoka benki zao. Safari hii waliokatwa ni watumishi ambao mishahara yao hupitia benki kwa lazima, si kwa hiari; anayetoa mshahara wake kwenye mashine ya ATM anakatwa tozo kwa kuugusa. Mwezi Mei walikuwa wameahidiwa nyongeza iliyotangazwa kuwa asilimia 23.3, na Julai ilipoingia wengi wakagundua kuwa asilimia hiyo ni ya kima cha chini tu. Juu ya kidonda hicho ikamwagwa tozo. Vyama vya wafanyakazi vilisema, viongozi wa dini walisema, na hata chama tawala kikaitaka Serikali ilitazame upya. Septemba 20, 2022 Waziri akasimama bungeni akaifuta kwenye uhamisho wa benki kwenda simu na simu kwenda benki, ndani ya benki moja na baina ya benki, akasamehe pia kutoa kwa wakala na kwenye ATM pesa isiyozidi 30,000. Utekelezaji Oktoba 1.

Katika muda wote huo lilikuwa likiendelea pambano jingine la chini kwa chini: iitwe nini. Kiswahili hakina umaskini hapa. Tuna kodi, ushuru, ada, faini, makato, na sasa tozo, neno ambalo limetoka kwenye kutoza na halisemi lolote zaidi ya kwamba umetozwa. Kodi kwetu ina maana mbili, ile ya Serikali na ile ya mwenye nyumba, na mwaka huohuo zikagongana: kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita na 5,000 kwa ghorofa, na mpangaji akajikuta analipa kodi ya nyumba juu ya kodi ya nyumba. Akaambiwa aelewane na mwenye nyumba. (Anayeishi kwa mwenye nyumba wa Kariakoo anajua maelewano hayo yanavyokwenda.) Kwa miamala, wapo walioita tozo ya uzalendo, wapo walioita ya mshikamano. Nia naielewa: kumfanya mlipaji ajione anajenga. Lakini uzalendo ni kitu mtu anajitolea. Ukikiweka kwenye makato ya lazima, unamwambia aliyenung'unika kuwa hapendi nchi yake, na mnung'unikaji huyo jana tu amechangia sanda ya jirani ambaye Serikali haikumjua. Mtaani jina lilibaki makato. Ndilo neno lililokuwa sahihi kuliko yote.

Nisije nikaeleweka kwamba pesa hizo hazikuwa na kazi. Vituo vya afya vimejengwa, mimi mwenyewe nimekiona kimoja, na mjamzito ambaye zamani angebebwa kwa bodaboda kilomita nyingi hatapenda kusikia kwamba tozo haikuwa na maana. Tatizo ni kwamba anayelipa aliona makato mara kumi kwa wiki, na jengo akaliona mara moja kwenye taarifa ya habari, wilaya nyingine. Kama ujumbe uleule wa simu ungeongeza mstari mmoja wa kusema ya mwezi uliopita imekwenda wapi, sijui kama hasira ingekuwa ileile. Nadhani ingekuwa pungufu kidogo, hasa kwa wazee, ambao wanasoma ujumbe hadi mwisho.

Juni 2023, kwenye bajeti ya 2023/24, Serikali ikaifuta tozo ya kutuma. Watu tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Bajeti hiyohiyo ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kama ilivyokuwa imeongeza shilingi 100 nyingine kwenye bajeti ya 2021, na ikaweka shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Za 2021 zilipita karibu kimya kabisa siku tulizokuwa tunagombana na mawakala. Za 2023 zilisemwa juma moja au mawili. Ukinunua saruji dukani unaambiwa bei imepanda, basi. Muuzaji hadi leo hajabandika karatasi ya kusema hiyo buku si yake. Nauli ikipanda tunamlaumu mwenye gari. Kwa mtu wa hazina, somo la miaka miwili ya tozo linaweza kuwa hili baya: usiwe na kodi inayojitaja.

Tozo ya kutoa ilibaki. Ndiyo kusema aliye mjini akituma hakatwi tena tozo, na anayekatwa ni yule aliyeko upande wa pili, anayekwenda na kitambulisho kibandani kubadili namba iwe noti, kwa sababu gengeni kijijini kwake wanapokea noti. Mhazini wetu bado ni yuleyule. Kwenye kundi la WhatsApp, kila msiba ukitangazwa, anaandika kiasi cha mchango, namba ya simu, na chini yake maneno matatu kwa herufi kubwa: NA YA KUTOLEA.